Chungu cha Upepo Kilichogoma Kupata Moto

Samaki alitoka baridi. Si vuguvugu, si nusu mbichi: baridi kabisa, vilevile nilivyomtia, ila ngozi imekauka kidogo kwa kupigwa na upepo. Nikambonyeza kwa kidole, nikambonyeza tena, nikaitazama mashine. Taa ilikuwa inawaka. Feni ilikuwa imeunguruma muda wote, nimeisikia kwa masikio yangu nikiwa kwenye cherehani huko mbele. Hata kengele ilikuwa imelia, maana yake mashine yenyewe inaamini imemaliza kazi. Nilisimama pale jikoni mdomo wazi, sahani mkononi, na mama mkwe wangu ameshakaa mkekani, ameshanawa mikono, anasubiri kula.

"Vipi, mwanangu?" akauliza.

"Subiri kidogo, mama. Bado kidogo."

Samaki mmoja tu, na jasho linanitoka. Mama mkwe aliletwa kwetu Makanyagio, hapa Mpanda, kutoka Mpimbwe baada ya kuanguka shambani wakati wa kuvuna mpunga. Hospitali wakasema ni presha, na moyo umetanuka, na kuanzia siku hiyo mafuta marufuku na chumvi marufuku. Mume wangu kazi yake iko Inyonga kwenye tumbaku, anarudi mwisho wa wiki kama barabara imemruhusu, kwa hiyo mgonjwa alikuwa wangu. Nikapika kama nilivyoagizwa. Nilichemsha samaki, nikachemsha kuku, nikachemsha mboga, vyote chukuchuku, nikampakulia kwenye sahani yake safi yenye maua, yeye peke yake, ili chumvi yetu isije ikamgusa hata kwa bahati mbaya. Akavikataa vyote. Hakugomba wala hakunung'unika. Alikuwa anamega tonge moja, analizungusha mdomoni weee, halafu ananawa.

"Nimeshiba, mwanangu."

Umeshiba nini, jamani? Huyu ni mwanamke aliyekuwa anajitwika gunia la mpunga na huku anapiga hadithi. Sasa kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili na bado inateleza. Nilikuwa namtazama anavyokonda naona kabisa ninakoelekea: siku moja nitampigia mume wangu simu nimwambie mama yake amekufa kwa njaa nyumbani kwangu, na chakula kipo. Wazo hilo lilikuwa halinipi usingizi.

Dada yangu anayeishi Dar es Salaam ndiye aliyetuokoa. Alichoka kusikia kilio changu kwenye simu, akatutumia eafraya kwa basi. Mimi kitu hicho nilikuwa nimekiona kwenye video tu. Unaweka samaki bila tone la mafuta, unasukuma kikapu ndani, unawasha, upepo wa moto unamzunguka, anatoka na ngozi inayokatika kwa meno utafikiri ametoka kwenye karai la mafuta. Mama mkwe siku ya kwanza aliitazama kwa dharau, akaipa jina, chungu cha upepo. Halafu akatoka samaki wa kwanza, mgebuka wa Ziwa Tanganyika. Harufu ilijaa nyumba nzima, watoto wakaja mbio, mimi mwenyewe nikavuta kigoda, ikabidi tule wote kwenye sinia moja. Mama alikula upande wake akamaliza, akafyonza kichwa, akauliza kama kuna mwingine. Nilikwenda chumbani nikajifungia nikalia.

Kuanzia hapo akawa mtu. Alianza kukaa jikoni mchana kutwa na uzi wake wa kufumia, na haikupita muda eafraya ikapata kitambaa chake, cheupe chenye ukingo mwekundu. Nani asiyejua nyumba zetu? Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, friji, makochi, mpaka mtungi wa gesi. Kitu cha maana hakikai uchi. Mimi nilikuwa nakivua kabla ya kupika, nakikunja, nakiweka pembeni, kisha nawasha mashine narudi zangu mbele kwa wateja. Mama anabaki jikoni anafuma. Nilijua anamlinda samaki na paka.

Sasa leo samaki ametoka baridi.

Nilianza na soketi. Nikaleta pasi yangu, nikachomeka palepale, ikapata moto mpaka nikaunguza kidole. Soketi ni nzima. Nikasema labda ni umeme, maana wetu jioni unalegea, taa zinakuwa nyekundu kama mtu aliyelia, basi nikangoja asubuhi. Asubuhi umeme ulikuwa na nguvu zake zote, na mashine ikaendelea kupuliza baridi. Nikatoa kikapu, nikakiosha, nikakikausha, nikakisukuma mpaka kikalia kaa! Wapi. Nikakisukuma kwa nyonga. Wapi. Nikampigia dada.

"Umeichomoa ukaiacha ipoe?"

"Ipoe nini na wewe? Haijapata moto tangu jana!"

"Kikapu umekiosha lakini? Mafuta yakiganda huko..."

"Unaniuliza mimi kama naosha vyombo?"

Tulikata simu kila mtu amenuna. Nikageuka nikaitukana mashine. Niliiita mvivu, niliiita mwizi, nikaiambia kama imechoka kukaa Mpanda irudi Dar ilikotoka. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ananitazama. Mchana ule nilimchemshia, nikampakulia kwenye sahani yake yenye maua. Akamega tonge moja.

"Nimeshiba, mwanangu."

Siku zilizofuata zilikuwa zilezile za zamani, tonge na maji, tonge na maji, na mashavu yaliyokuwa yameanza kujaa nikayaona yanarudi ndani. Nikaenda mwenyewe sokoni kumtafuta fundi anayetengeneza redio na majokofu, nikamwambia hii haingoji foleni, aje nyumbani. Akaja na pikipiki, na mfuko wake wa bisibisi begani.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Akaigeuza mashine kichwa chini miguu juu, akafungua skrubu, akatoa kidude kidogo kilichovikwa kimpira cheupe, akakipima na mita yake. Akatikisa kichwa.

"Koili ya moto ni nzima, mama. Kilichokufa ni hii fyuzi ya joto. Joto likizidi yenyewe inajikata, nyumba isiungue. Kwani nyie mnaifunika ikiwa inapika?"

"Hatuifuniki!" nikajibu haraka, kabla hajafunga mdomo. "Kitambaa nakivua mwenyewe kila siku. Hata mama hapa ni shahidi."

Mama akaitikia kwa kichwa. Na kweli kwa akili yake hakuwa anadanganya, hilo nimekuja kulielewa baadaye. Yeye hakuwahi kuifunika mashine.

"Basi itakuwa imechoka tu," fundi akasema. "Fyuzi kama hii hapa Mpanda sijawahi kuiona. Mpaka tuagize. Ukitaka, napiga dairekti."

Kama hujui dairekti, ni hivi: unakiruka kile kilichokufa, unaunganisha waya kwa waya, maisha yanaendelea. Mpanda nzima tunaishi hivyo. Jokofu la jirani yangu ni dairekti, pampu ya kisima cha mtaa ni dairekti. Mimi kwenye cherehani yangu ya umeme, swichi ni dairekti, naiwasha kwa kuchomeka. Sikufikiri hata mara moja.

"Piga dairekti, fundi. Huyu bibi anatakiwa ale leo."

Akaunga, akazungushia tepu nyeusi, akafunga. Alipowasha, tukainama wote watatu tukachungulia. Koili ikaanza kuiva taratibu, ikawa nyekundu. Mama mkwe alipiga kigelegele! Mimi nilimshika fundi mkono nikautikisa mpaka akaona aibu. Akanywa chai, akaniusia nisiiache mashine peke yake, akawasha pikipiki akaenda.

Nikachukua mgebuka mnono kuliko wote, nikampasua, nikamkamulia ndimu, nikamtia ndani. Kitambaa nikakivua, nikakikunja, nikakiweka pembeni. Mara nikasikia hodi mbele. Ni mama mmoja wa kwaya, amekuja kupimwa sare. Nikamwambia mama mkwe, "Naenda mbele mara moja, mama, uko hapa?" Akasema yupo, niende tu. Fundi kasema isiachwe peke yake, na haikuwa peke yake.

Nilikuwa nampima yule mteja kiuno pale harufu iliponifikia. Harufu ya nguo inayoungua naijua kuliko harufu nyingine yoyote; ndiyo hofu ya kila fundi cherehani. Nikaigeukia pasi. Pasi ilikuwa haijachomekwa, nikaigusa, baridi. Nikatazama juu ya meza, hakuna kitu. Mteja akaniuliza, "Kuna nini?" Na mimi bado naigusa ile pasi, naigusa tena, kama mjinga. Ndipo nikakimbia.

Mama mkwe alikuwa amesimama amenipa mgongo. Mikono yake yote miwili ilikuwa nyuma ya mashine, imekandamiza kile kitambaa, kimekunjwa mara nne, kimeloweshwa maji, kimebanwa sawasawa kwenye matundu ya nyuma pale upepo unapotokea. Pembe za kitambaa zilikuwa zimegeuka kahawia. Moshi ulikuwa unampita katikati ya vidole. Na yeye akanigeuzia uso, anatabasamu, macho yanamtoka machozi kwa ule moshi.

"Leo mvuke ni mwingi kweli, mwanangu," akaniambia. "Leo ataiva mpaka miiba."

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilichomoa plagi, na waya ulikuwa wa moto mpaka ndani ya ngozi. Nikamkumbatia kiunoni, nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi, Mungu wangu, mwepesi kama mtoto, nikamtoa mlango wa nyuma nikamweka uani. Niliporudi, kitambaa kilikuwa kimepata hewa, kimeshika moto, na plastiki ya nyuma inadondoka juu ya meza. Niliivuta mashine kwa waya wake mpaka nje, nikaimwagia mchanga kwa mikono, mchanga na mchanga, mpaka haikuonekana tena. Yule mteja wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni na futi yangu bado kiunoni kwake.

Halafu nikamgeukia mama mkwe.

"Una wazimu, mama? Nani kakwambia uzibe? Nani? Ungeungua! Ungeungua humu ndani na mimi niko mbele napima watu viuno! Mwanao ningemwambia nini? Ningeanzia wapi? Huoni moshi? Ni moshi ule, mama, si mvuke! Moshi!"

Jirani aliyekuwa anatwanga akaacha kutwanga. Sauti ikawa inaendelea kutoka yenyewe, siwezi kuizuia. Mama mkwe alikuwa ametulia, viganja vimemwiva vyekundu, kanga yake imetoboka kwa cheche.

"Wali ukiuacha upumue," akasema polepole, "unabaki na kiini."

"Wali gani?"

"Wowote. Maji yakikauka unaweka kitambaa kibichi, unafunika, unapalia moto juu. Mvuke ukitoka, hakuna wali hapo. Sasa chungu chako ni kizuri, lakini kina tundu nyuma, moto wote unapotea. Nikawa nakuzibia. Ukienda mbele nakuzibia, nikisikia kengele natoa. Tangu kilipokuja. Ulifikiri samaki anaiva vile kwa nini?"

Nilikaa chini palepale uani kwenye mchanga. Kila siku, jamani. Kila siku niliyokuwa nimekaa huko mbele najisifu kwamba mgonjwa wangu anakula, alikuwa amekandamiza kitambaa kwenye mdomo wa moto, na kilichokuwa kimesimama kati yake na kifo ni kile kidude kidogo chenye kimpira cheupe. Kikavumilia, kikavumilia, siku kilipozidiwa kikajiua ili yeye asife. Na mimi nikamwambia fundi akiruke. Kwa mdomo wangu huu. Niliushika huo mdomo kwa mkono kama vile maneno yangeweza kurudi.

Nilipoinua kichwa, mama hakuwepo. Mteja alikuwa amenikabidhi futi akaaga kwa ishara. Kutoka chumba cha mama nikasikia zipu ya begi.

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini kingine. Nimemfokea mkwe! Mimi ni Mkonongo wa Inyonga, nimelelewa kwamba mama wa mume wako unampigia magoti asubuhi, na sauti yako mbele yake haizidi ya mtu anayesali. Kuna wanawake wamerudishwa kwao kwa chini ya hapo. Na sasa mwenyewe anafunga begi, anarudi Mpimbwe, kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumpikia chakula chake, na moyo wake ule uliotanuka. Nilikwenda mbio, nikapiga magoti mlangoni.

"Mama, nisamehe. Nimekupandishia sauti."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, begi liko miguuni, anapekua. Akatoa kanga nyingine, akaikung'uta. Kumbe alikuwa anabadilisha ile iliyoungua. Nikaliona lile begi vizuri: nguo zake zote zilikuwa bado humo, zimekunjwa. Kabati nililomwachia siku alipofika lilikuwa tupu, mlango wazi.

"Unaomba msamaha wa nini?" akauliza.

"Nimekufokea, mama."

"Ndiyo. Umenifokea." Akajifunga kanga, taratibu, akakaa tena. "Mume wako unamfokea kwenye simu, nakusikia. Wateja unawafokea. Watoto ndiyo usiseme. Hiki chungu umekitukana mpaka mimi nikakionea huruma. Mimi tangu nimekuja ni ndiyo mama, pole mama, subiri mama, kama manesi wale wa hospitali. Sahani yangu ya maua, peke yangu, nyie mko kule na sinia lenu mnagombania nyama na kucheka. Nikasema moyoni, huyu mtoto ananihesabu mgeni. Mgeni hali sana kwa watu."

Nilibaki magotini nimemkodolea macho. Miezi yote ile nilikuwa nimelaumu mafuta. Nilikuwa nimelaumu chumvi, na presha, na dawa zake chungu, na ladha ya kuchemsha. Nilikuwa nimemlisha mwanamke huyu upweke kwenye sahani safi, na nikashangaa hashibi chakula.

"Chungu kile," akaongeza, "nilikipenda kwa sababu kikilia wote mnakuja."

Niliinuka haraka, maana ningebaki pale ningeanza kulia, na nikianza kulia huwa sinyamazi. Nilikwenda jikoni, nikawasha mkaa. Mgebuka wa pili alikuwepo. Nikamchemsha na nyanya na kitunguu, bila mafuta, bila chumvi, chukuchuku kabisa, na ugali kidogo. Sahani ya maua niliiona pale kwenye kichanja, nikaipita, nikashusha sinia. Nikampaka mama asali kwanza, viganjani alipoungua, akalalamika kwamba inanata na atakulaje, nikamwambia ale kwa mkono wa kulia huohuo, mimi nitamnawisha. Watoto walikuwa shule bado. Tukakaa mkekani wawili, sinia katikati.

Akamega tonge, akachovya, akalizungusha mdomoni. Nikaacha kula nikawa namwangalia.

"Hana chumvi," akasema.

"Daktari kakataza."

"Na mchuzi ni maji matupu. Huko kwenu Inyonga ndivyo mnavyopika?"

"Kula, mama!" nikafoka.

Akameza. Kisha akanyoosha mkono mpaka upande wangu wa sinia, akachukua kipande cha samaki nilichokuwa nimejiwekea.